Dokta wa jeshi au spitali ya wizara, kipi bora?

mtoto_wa_wete
Asalaam aleikum. Mie namaliza intanshipu Mnazi Mmoja mwezi ujao na bado nipo njia panda, niombe JWTZ, niombe KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) au nisubiri ajira za wizara ya afya. Ami yangu anasema jeshini hukosi nyumba wala mshahara, mamangu hataki hata kusikia. Nishaurini lakini msinitie kejeli.

bahari_kuu
Waaleikum salaam. Kwanza tofautisha yakhe. KMKM ni idara maalum ya SMZ, yaani serikali ya Zanzibar, spitali yao ipo Kibweni, wakikuhamisha sana sana utapanda boti urudi kwenu Pemba. JWTZ ni jeshi la Muungano, leo upo Bububu kesho spitali ya Lugalo Dar keshokutwa Tabora, na huulizwi. Tena kabla ya hiyo stethoskopu kuna ukuruta, na ukitaka nyota mabegani kuna chuo cha maofisa Monduli.

mzee_wa_dawa
Mshahara si hoja, uliza watakusomesha ubingwa lini na watakudai miaka mingapi. Mfano Marekani, walipoacha kuwaita watu jeshini kwa lazima mwaka 1973 ikabidi wawavute madokta kwa masomo, skolashipu yao ukilipiwa mwaka mmoja unatumikia mwaka mmoja, na chuo chao wenyewe kipo Bethesda, unasoma bure huku unakula mshahara wa luteni usu, lakini ukimaliza unadaiwa miaka 7 na ile ya kusomea ubingwa haihesabiwi humo!! Na bado deni likisha wengi wanaaga, maana bingwa wa upasuaji uraiani analipwa zaidi, halafu kambini mikono inapoa. Askari ni vijana wazima, utampasua nani?

dada_chake
Hilo la mikono ndo lenyewe. Ndo mana jeshi la Marekani linapeleka timu zake za upasuaji Miami, kituo cha majeruhi cha Ryder, wakashike majeruhi wa risasi na ajali za raia kabla hawajaenda vitani. Sie afadhali, Lugalo raia wanatibiwa, Kibweni vile vile, kina mama wa Bububu na Mtoni wamejaa pale na watoto wao. Mdogo wangu, fomu isome yote kabla hujatia saini, hasa pale pa kuacha kazi.

mtoto_wa_wete
Ahsanteni sana. Mama nshamwambia KMKM, kaniuliza, "Kwani hao hawana bunduki?"

bahari_kuu
😂 Mwambie wana boti.