Fleti ya ghorofa ya pili, Tabora mjini: nimlipe mbunifu wa ndani au niite mafundi moja kwa moja?

Mnyanyembe

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mpangaji ameihama fleti yangu ya vyumba viwili hapa Tabora mjini, akaiacha rangi ikibanduka, vigae vya bafuni vimelegea na kabati za jikoni zimevimba kwa maji. Mbunifu aliyeko Dar es Salaam amenitumia picha za kuvutia, ambazo ndani yake ukuta wa kati ya jiko na sebule haupo tena, na anataka ubunifu, vifaa na ufundi nivilipie kwa mkupuo mmoja. Fundi wangu wa siku zote anasema hiyo ni fedha ya kutupa. Nimsikilize nani?

Mkadiriaji

Ndugu Mnyanyembe, mwulize kwanza huyo mbunifu namba yake ya usajili katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kisha aje apime mwenyewe, kwa kuwa aliyeuona ukuta pichani tu hawezi kujua kama umebeba boriti ama unapitisha bomba la jirani wa juu. Usiuguse kabla mhandisi hajaukagua na wamiliki wenzako hawajaridhia.

Ada ya ubunifu itenganishwe na gharama za kazi, na udai mchanganuo wa kila chumba. Lita moja ya rangi hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Chumba cha mita 3.5 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za mita 40 hivi za mraba kabla ya kutoa mlango na dirisha, kwa hiyo mikono miwili haizidi lita 8. Ukiandikiwa ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho, uliza.

Bafuni ndiko fedha yako inakopaswa kwenda. Dawa ya kuzuia maji ipakwe sakafuni na kupanda ukutani kabla ya vigae, tundu la maji lizibwe, sakafu ijazwe maji kwa saa 24, nawe ushuke ukaitazame dari ya jirani wa chini. Mimi niliwahi kuiruka hatua hiyo kwa haraka ya kuhamia, nikalipa dari isiyo yangu.

Randa

Kuhusu kabati, mimi ni seremala na pengine navutia upande wangu, lakini mtu wa Tabora kuagiza mbao za MDF, zile za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kutoka Dar es Salaam ilhali mninga uko hapa hapa ni jambo la kushangaza. Mninga ukishakauka vizuri hauchezi sana, yaani haupindiki ovyo, ila hakikisha kwamba umekauka kweli na kwamba muuzaji ana vibali vya misitu.

Mnyanyembe

Nashukuruni sana. Asubuhi nilimwomba mbunifu namba ya usajili, akaahidi kuituma. Jioni hii ametuma picha nyingine tatu.