Leseni ya baa: hakimu anahusikaje?

Mkazi wa Pasua
Wakuu, habari za usiku. Saa saba kasoro hii, usingizi umegoma, nauliza. Nimesoma kuwa jaji Uingereza kawasema mahakimu hadharani kwamba wanagawa leseni za baa ovyo. Mahakimu wamekasirika, mabishano makubwa. Hakimu na leseni ya baa wapi na wapi? Hapa Moshi baa iliyo nyuma ya dirisha langu ina karatasi ya halmashauri. Besi ikianza, mifuniko ya sufuria inatetemeka kabatini, na binti yangu wiki ijayo ana mtihani wa darasa la saba.

Babu wa Ngarenaro
Mkuu, hiyo ya kule ina historia ndefu. Tangu 1552 vilabu vya pombe viliruhusiwa na mahakimu wa amani, raia wasiolipwa mshahara na wengi hawakusomea sheria. Mtu anajitolea miaka yote, halafu jaji mwenye wigi amwambie yeye ndiye kaleta walevi! Lazima anune. Ila angalia tarehe ya habari yako: England na Wales walitunga sheria mwaka 2003, ikaanza kutumika rasmi Novemba 2005, leseni zikahamia halmashauri kama kwetu. Mahakimu walibaki na rufaa.

Mama Kreti
Mimi nina grosari hapa hapa Moshi, msinipige mawe. Leseni ya vileo ni ya miezi sita sita, inaisha Machi na Septemba. Nazunguka mtaa, kata, polisi, bwana afya. Wakaguzi wanakuja saa nne asubuhi: nimedeki, kreti zimepangwa, redio inapiga kwaya. Choo wanachungulia, spika hakuna anayeiuliza. Kwa hiyo hata ukimpa hakimu kazi hiyo, kama haji usiku ni yale yale.
Kaka, Septemba ndiyo hii. Jirani yako hajahuisha bado. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uombe kuuona muhtasari wa kikao kilichompitisha, uone nani walisaini.

Mkazi wa Pasua
Dada, kumekucha, nimetoka huko sasa hivi. Jina langu ni la nne. Nakumbuka ile siku, kijana alipita na daftari akasema jamaa anafungua sehemu ya supu.