Naenda Pemba na begi mgongoni, bibi amenikatalia. Waliofika naombeni ushauri

Mtoto wa Kasulu

Mwakeye wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, nafundisha Kiswahili hapa Kigoma mjini. Nimedunduliza tangu Machi, na likizo ya Desemba nataka kwenda Pemba. Sina mwenyeji wala sijalipia hoteli. Nina begi la mgongoni, hema dogo na daftari, kwa sababu nakusanya ngano za wazee na nimesikia Pemba zimejaa.

Tatizo ni bibi yangu. Nilipompigia kumuaga alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Huko watu hawarudi na akili zao." Sasa na mama naye ameanza kusitasita.

Walioenda naombeni mnisaidie. Mtu anaweza kuzunguka peke yake? Hema litafaa? Na hizo hadithi zao, mgeni anaruhusiwa kuuliza, au nitaonekana nimefuata uganga?

Mnyamwezi wa Cheyo

Mimi Pemba sijafika, nimeishia Unguja. Nachojua ni hiki: kama unapanda treni, utapita hapa Tabora. Shuka stesheni ununue asali chupa mbili, moja yako, moja ya mwenyeji atakayekupokea. Usiende mikono mitupu kwenye nyumba ya mtu.

Mama Dagaa, Kibirizi

Mwanangu, mpe bibi pole, maneno hayo hata mimi niliambiwa. Mimi ni mama wa Ujiji, nauza dagaa hapa Kibirizi. Nilikwenda Pemba Januari 2023, peke yangu, na begi nililoazima kwa kijana wangu. Humo ndani nilitia khanga tatu, ndala, na kilo mbili za dagaa waliokauka vizuri. Nilikaa siku kumi na moja.

Treni mpaka Dar, boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Mkoani, bandari ya Pemba. Hiyo ya pili haiendi kila siku, uliza mapema usije ukalala Unguja siku mbili kuisubiri. Mimi nimekulia majini lakini bahari ile ni nyingine. Ziwa letu likichafuka linakupiga makofi ya harakaharaka. Pale kati ya Unguja na Pemba wimbi ni refu, linakuinua taratibu, linakushusha taratibu, na tumbo linabaki juu. Mama aliyekaa karibu yangu alinipa ndimu ninuse. Ichukue yako.

Sasa nikuambie kosa langu, ulikwepe. Siku ya kwanza Chake Chake nilikaa barazani na watu waliokuwa wamenikaribisha kahawa, tena kwa ukarimu mkubwa. Nikauliza kwa sauti, "Eti wachawi wenyewe wanakaa kijiji gani?" Hakuna aliyenijibu. Mzee mmoja alikusanya vikombe, mmoja mmoja, akaingia ndani. Nililala na aibu usiku ule. Fikiria mtu ashuke leo Kigoma, tumkaribishe, halafu atuulize tunalogea wapi.

Kesho yake nilirudi na dagaa. Nikaomba radhi. Mzee akauliza dagaa hawa wanavuliwaje, nikamweleza taa na mitumbwi, usiku wa giza usio na mwezi. Maneno yakazaa maneno, nikamsimulia Kabogo, rasi ya ziwa letu la Tanganyika. Nilimwambia marehemu babu yangu, kila akipita chini ya rasi ile, alinyamaza na kutupa kitu majini, hata kama ni punje za mchele tu, kwa ajili ya mzimu wa pale. Mzee akacheka, akasema, "Kumbe na nyinyi munao." Tangu hapo sikuhitaji kuuliza tena. Alianza yeye.

Yeye ndiye aliyenielekeza Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume. Mtawala huyo alikuwa karne ya 15, na jina lake wanalifasiri kuwa ni mkamua wanaume. Husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe ya ngome yake huku wakijikokota kwa makalio. Pana kisima pale. Wake zake wawili walikuwa hawapatani, basi akajenga ukuta katikati ya kisima, mmoja achote upande wake kwa kamba na mwingine ateremke kwa ngazi, wasionane. Nilisimama pale muda mrefu. Nimeolewa nyumba ya wake wawili, hadithi ile niliielewa bila kufafanuliwa.

Kutoka Pujini nilirudi kwa miguu kipande, na hapo ndipo nilipokutana na karafuu. Zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, nyingine nyekundu bado, nyingine zimeshakuwa kahawia. Kina mama walikuwa wanachambua, karafuu huku, makonyo kule. Nikaomba nisaidie. Mkono mmoja unashika kikonyo, kiganja cha pili unakisugulia humo, vitumba vinadondoka. Wingu likatanda, wote tukainuka mbio kukunja majamvi, na mimi nikakimbia nao bila kuambiwa, maana ndivyo tunavyokimbilia dagaa hapa mchangani mvua ikinyemelea. Walinishangaa. Vidole vyangu vilinukia karafuu mpaka kesho yake jioni.

Usiache Kidike, si mbali na Chake. Wale popo wakubwa wa Pemba hawapatikani pengine popote duniani. Mchana wamening'inia juu ya miti mirefu kama nguo za kahawia, wanajipepea kwa bawa moja, wanagombana kwa kelele. Akikunjua mabawa anapita mita moja na nusu, na uso wake ni wa mbwa mdogo, una macho ya kukutazama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha, watu wakiwala na kukata miti yao. Wanakijiji wenyewe ndio wakaamua kuwalinda, na leo wapo maelfu kisiwani. Mimi napenda sana watu wanaolinda kitu kisichowapa nyama tena.

Msitu wa Ngezi uko kaskazini. Panda daladala la Konde, kisha bodaboda. Omba mtembeza wageni akupeleke usiku umsikie bundi wa Pemba, naye ni wa huko tu. Najua kwetu bundi akilia juu ya paa tunajua kuna msiba. Nilipomsikia nilimshika mkono kijana aliyekuwa akinitembeza. Ni mlio mmoja mfupi, kimya, mlio mmoja tena. Kumbe ni ndege mdogo, hajai kiganja na nusu. Ukivuka msitu unatokea Vumawimbi, mchanga mweupe na watu wachache, na mbele kabisa ni Ras Kigomasha yenye mnara wa taa wa chuma. Jina hilo lilinifurahisha, kana kwamba Kigoma ina mtoto kule.

Hema liache. Nitarudi kumalizia, mteja kaja.

Duka la Wete

Assalaam aleikum. Mimi ni Mpemba wa Wete, nina duka la vitambaa hapa Kigoma mwaka wa kumi na moja. Mama Dagaa, Mungu akuweke. Watu hununua kwangu huku wakinitania habari za majini, na huwa natabasamu, lakini inauma.

Mwalimu, Popobawa utasikia tu, kile kiumbe kinachosemwa huvamia watu usiku wakiwa wamelala. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka minane. Kijiji kizima tulilala nje, moto katikati, watoto tumebanwa baina ya mama zetu. Ukikutana na mtu wa rika langu usimwombe akusimulie hilo kama mchezo. Kwetu ulikuwa woga wa kweli, na wapo wasiotaka kuukumbuka.

Misali usiikose. Wazee husema Nabii Hidhri aliwafikia wavuvi akaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao, akasema kisiwa hicho ndicho kitakuwa msala wangu, maana kimelala kuelekea kibla. Ndiyo asili ya jina. Hifadhi ina utaratibu wake, usiokote kombe wala kugusa mayai ya kasa.

Mtoto wa Kasulu

Shikamoo mama. Kaka wa Wete, ahsante sana, nitakuja dukani Jumamosi tuonane. Nimemsomea bibi kwa simu ile habari ya kukunja majamvi. Akauliza, "Kwa hiyo nao wanakimbia mvua?" Nikasema ndiyo. Hajakubali bado, ila ameuliza nitavaa nini.

Mama Dagaa, Kibirizi

Marahaba mwanangu. Mwambie suruali ndefu, shati la mikono, na kaptula ni ya ufukweni tu. Beba kitambulisho cha taifa. Kuhusu hema: kila shehia, yaani mtaa au kijiji chao, ina sheha, kiongozi wake, na mgeni akijitandikia ufukweni usiku bila kubisha hodi anawapa watu wasiwasi bure. Fika kwa sheha kwanza, jieleze. Mimi kila nilipofanya hivyo nilipewa chumba, na mara mbili walikataa hela, nikaacha dagaa.

Duka la Wete

Na karafuu usinunue kwa mkulima njiani, hata kilo moja. Mnunuzi ni shirika la serikali, ukikamatwa nazo bandarini ni magendo. Za chai utapata dukani kwenye pakiti. Jumamosi njoo kabla ya adhuhuri, nitakupa barua umpelekee kaka yangu Wete.