Siku ya kufunga shule mnaiendeshaje?

Swali: Habari zenu. Nafundisha shule ndogo ya kijijini. Kila mwalimu anashika madarasa mawili. Wiki ijayo tunafunga. Mkutano wa wazazi humezwa na matokeo ya mitihani, na mtoto aliyechelewa kusoma lakini sasa anasoma hatajwi kabisa. Inaniuma. Ninyi mnafanyaje?

Mzazi: Mwalimu, watoto waanze kabla ya hotuba yoyote. Kwetu kila darasa husoma au huonyesha kitu kimoja, na mababu waliokaa nyuma husogea mbele wenyewe. Ripoti mpe mzazi mkononi. Nafasi ya mtoto darasani si ya kutangazwa hadharani!

Mwalimu mstaafu: Naunga mkono. Ongeza karatasi moja ya habari: wazazi waliokarabati madirisha, mwalimu anayehama, tarehe ya kufungua. Maneno yawe mepesi, maana mara nyingi mtoto ndiye humsomea mzazi. Na vitabu msivifungie kabatini likizo nzima. Asiyesoma hurudi amesahau mengi.

Muulizaji: Asanteni sana. Vitabu naanza kuazimisha kesho, daftari watashika wanafunzi wakubwa.