Mota moja inatikisika bila kuzunguka baada ya kubadilisha mkono wa droni: ni mota au ni kidhibiti?

Mwanagenzi wa Moro

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina droni ya propela nne za inchi 5 niliyoiunganisha mwenyewe, yenye mota za ukubwa wa 2205 na betri ya seli tatu. Wiki mbili zilizopita niliigonga kwenye mwembe hapa Morogoro, na mkono wa mbele kulia ukavunjika. Kwa kuwa sikupata mkono wa aina ile madukani, nilikwenda kwa kijana mwenye mashine ya kuchonga, akanitolea mwingine kutoka kwenye bamba la nyuzi za kaboni la milimita 3, nami nikafunga mota ileile kwa skrubu zake zilezile. Tangu hapo mota hiyo inatikisika mbele na nyuma bila kuzunguka, ilhali nyingine tatu zinaitika vizuri. Majaribio yote nimeyafanya bila propela. Nimepima nyaya zake tatu kwa mita, ambayo hulia umeme unapopata njia, na imelia kwa zote zikiguswa mbili mbili. Kwa hiyo nadhani mota ni nzima na kilichokufa ni kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachoipa mota umeme na kuamua kasi yake. Bodi yangu inabeba vidhibiti vyote vinne pamoja, na sipendi kuagiza nyingine kabla sijawa na uhakika.

Fundi Risasi

Pole kwa mwembe. Utaratibu wa kawaida ni kubadilishana: ng'oa nyaya za mota yenye shida, uzilehemu kwenye nafasi ya mota nyingine, kisha uwashe. Tatizo likihama na mota, mota ndiyo mbovu. Likibaki palepale, kidhibiti ndicho kibovu. Kabla ya hapo kagua viungo vya risasi, kwa sababu waya mmoja uliolegea kati ya mitatu unatosha kuifanya mota itikisike hivyo.

Nyuki wa Tanga

Namwomba ndugu yetu asibadilishane chochote kwanza. Mlio wa mita kati ya nyaya tatu hauthibitishi uzima wa mota, kwani kwa ndani zote zimeungana na ni lazima zilie. Kinachotakiwa kupimwa ni kati ya waya wowote na mwili wa mota. Hapo mita ikilia, ujue koili, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa ndani ya mota, imegusana na chuma.

Nasema hivi kwa sababu ya maneno uliyoyapitia haraka: bamba la milimita 3 na skrubu zilezile. Ikiwa mkono wa awali ulikuwa na unene wa milimita 5 na skrubu ni za 8, zilikuwa zinaingia ndani ya mota milimita 3. Sasa zinaingia 5, na huenda ncha zake zinachimba shaba iliyo juu ya matundu ya skrubu. Mota yenye shoti ya namna hiyo ukiihamishia kwenye kidhibiti kizima, nacho utakiunguza. Mimi niliunguza viwili kwa siku moja kwa kufuata utaratibu huohuo wa kubadilishana, na harufu yake bado naikumbuka.

Mwanagenzi wa Moro

Nimefungua. Skrubu ni za milimita 8, na kile kipande kilichovunjika kina unene wa milimita 5. Mita imelia kati ya waya wa katikati na mwili wa mota. Nilipoing'oa kofia ya mota nimeona vidonda viwili kwenye shaba, kila kimoja kama kichwa cha pini, ambapo varnishi inayozuia nyaya zisigusane imekwanguka. Kimoja kimekwisha kuwa cheusi. Je, naweza kupaka rangi ya kucha nikaendelea? Na nitakijaribu vipi kidhibiti bila kuhatarisha mota mpya?

Fundi Risasi

Ushauri wangu wa mwanzo naufuta. Suala la skrubu sikuliona kabisa. Rangi ya kucha inaweza kuziba mkwaruzo mdogo, lakini palipokwisha kuwa cheusi varnishi ya nyaya za jirani nayo imeungua, na mota hiyo itakuangusha ikiwa juu. Nunua nyingine.

Kuhusu kidhibiti, tafuta balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, uiunge kwenye waya chanya kati ya betri na droni, mota mbovu ikiwa imeondolewa. Ukichomeka betri, balbu ikimulika mara moja na kufifia, hakuna shoti. Ikiendelea kuwaka kwa mwanga mkali, chomoa, bodi imekwenda. Faida yake ni kwamba hata penye shoti balbu hupitisha takriban ampea 2 tu, wakati betri peke yake ingemimina makumi ya ampea. Usizungushe mota balbu ikiwa bado ipo, kwa maana umeme hautatosha.

Mwanagenzi wa Moro

Balbu ilimulika mara moja ikafifia. Mota mpya nimeifunga kwa skrubu za milimita 6, nikapima kila waya na mwili wake, mita ikanyamaza. Ilianza kwa kuzunguka kinyume, nikapishanisha nyaya mbili kati ya tatu ikakaa sawa. Jana nimeirusha dakika nne.

Nyuki wa Tanga

Hongera. Hata hivyo, mkono wa milimita 3 ni mwembamba kwa propela za inchi 5. Utatetemeka, na vihisi vya bodi ya kurushia, ile inayoiongoza droni, vitausoma mtetemo huo kana kwamba droni inayumba, kwa hiyo mota zitapata moto kwa kusahihisha mwendo usiokuwapo. Ukitua, ziguse zote nne kwa kidole. Ya mbele kulia ikiwa na joto kuliko nyingine, rudi kwa yule kijana akuchongee mkono wa milimita 5, kisha urudishe skrubu zako za 8.