Mifumo inazinduliwa kwa mbwembwe, matengenezo yanaachiwa watu wasio na fungu wala mamlaka

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ninaposoma taarifa ya mfumo mpya wa kompyuta uliozinduliwa, ninatafuta jambo moja tu: baada ya miaka mitano utatunzwa na nani, kwa fungu lipi, na je, programu zilizo chini yake zitakuwa bado zinapata masasisho ya usalama? Jambo hilo huwa halimo. Picha za kukata utepe, hizo hazikosekani.

Kazini kwetu tulikabidhiwa mfumo wa kutunza kumbukumbu uliojengwa juu ya mfumo endeshi ambao mtengenezaji wake alikwisha kutangaza hadharani tarehe ya kusitisha masasisho, na tarehe hiyo ikafika hata kabla ya muda wa uangalizi wa mkandarasi kwisha. Mkandarasi alipoulizwa alijibu kwamba mkataba haukutaja toleo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Mkataba ulitaja rangi za ukurasa wa mbele na vitabu vya mafunzo, lakini hakuna aliyeona haja ya kuuliza msingi wenyewe una umri gani.

Tarehe hizi si siri za kijeshi. Kila toleo kuu la PostgreSQL, programu ya kanzidata (hifadhi ya data), huhudumiwa kwa miaka 5. Matoleo ya muda mrefu ya mfumo endeshi wa Ubuntu hutoka kila baada ya miaka 2, na masasisho yake ya kawaida hudumu miaka 5. Mwisho wa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ulipangwa uwe 2015, ukasogezwa hadi Januari 1, 2020, na bado wapo waliofika siku hiyo wakihema kana kwamba wamevamiwa usiku. Kamati inayotaka mfumo wa miaka 10 ingeweza kuketi na kalenda na kuona, kabla ya kusaini, kwamba italazimika kuhamisha kanzidata angalau mara moja ndani ya muda huo. Kazi hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo ni sehemu ya bei ya ununuzi, hata kama muuzaji hakuiandika.

Wakubwa wetu wanadhani matengenezo maana yake ni kurekebisha kilichoharibika, kwa hiyo mfumo ukiwa unafanya kazi hawaoni sababu ya kutoa fedha. Meir Lehman, mtafiti wa uhandisi wa programu, alieleza tangu 1974 kwamba programu inayotumika katika shughuli halisi za watu lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo hupungua manufaa yake hatua kwa hatua, kwa kuwa sheria, vifaa na mahitaji yanayoizunguka havisimami. Sisi huambiwa kwamba mradi umefungwa. Fedha za maendeleo zilikwisha siku ya makabidhiano. Utunzaji umetupwa kwenye matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Methali ya ufa na ukuta wanaijua wote, na wengine huitumia kwenye hotuba za uzinduzi!

Wenzetu wa miundombinu wanayajua haya kwa uchungu mkubwa zaidi. Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lililofunguliwa 1967, lilianguka Agosti 14, 2018 na kuua watu 43. Nyaya za mnara mmoja wa daraja hilo zilikuwa zimeimarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990; mnara ulioanguka haukuwa huo.

Najua watakaokuja kunijibu kwamba dawa ni kuchagua bidhaa yenye ahadi ndefu. Waliochagua mfumo endeshi wa CentOS 8 walifanya hivyo hasa, wakiamini itahudumiwa hadi 2029, halafu Desemba 2020 wakatangaziwa kwamba mwisho ni Desemba 31, 2021. Ahadi ndefu ni nzuri, lakini mpango wa kweli lazima uwe na mlango wa kutokea: data zinazoweza kutolewa katika muundo wazi, msimbo na nyaraka mikononi mwa mwenye mfumo, na zoezi la kurejesha nakala rudufu kwenye seva nyingine lililofanywa kwa vitendo. Lazima pia iwepo orodha ya kila programu iliyosakinishwa, toleo lake na mwenye dhamana nayo. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, mwaka 2017 ilipewa taarifa ya udhaifu wa Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, mwezi Machi, kiraka (sasisho la kuuziba) kikiwa tayari, na agizo la kukiweka likatumwa ndani ya kampuni. Mfumo uliohitaji kiraka hicho haukutambuliwa, wavamizi wakaingia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaondoka.

Sasa ninawauliza mlioketi kwenye kamati za tathmini: ni nani amewahi kuona alama za zabuni zikitolewa kwa kuzingatia tarehe ya mwisho wa masasisho na gharama za kuhama? Kama yupo, naomba aweke hapa kipengele hicho jinsi kilivyoandikwa, neno kwa neno. Zabuni ya kubadilisha mfumo wetu inaandaliwa hivi sasa, na rasimu niliyoonyeshwa haina hata mstari mmoja juu ya hilo.