Je, ni haki kumwita Sheikh Al-Amin Mazrui mwandishi wa habari za siasa?

Msomaji wa Tudor
Assalamu alaikum. Ninaandaa mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Mombasa, nami nimemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947). Wengi wetu tumelelewa tukimjua kwa elimu ya dini na kwa ukadhi. Wachache humtaja kama mhariri, ilhali ndiye aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, hili la pili likitoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Je, nikimwita mwandishi wa siasa nitakuwa ninamvika joho lisilokuwa lake?

Mzee wa Kibokoni
Wa alaikumu salaam, mwanangu. Joho ni lake. Zingatia zama alizoandika: mwambao huu kwa jina ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, bendera yake ikipepea pale Ngomeni (Fort Jesus), na Ngome yenyewe Waingereza wameigeuza jela. Mtu aliyesimama katika hali hiyo akawauliza wenziwe kwa nini wamebaki nyuma kielimu, kwa nini mabinti hawasomeshwi, kwa nini mali inateketea katika karamu za arusi na matanga, huyo amesema siasa hata asipomtaja gavana. Fikra za wanamageuzi wa Kiislamu, Muhammad Abduh wa Misri na mwanafunzi wake Rashid Rida, zilimwathiri sana, lakini aliyoyaandika yaliwahusu watu wa mitaa hii. Soma Uwongozi, mkusanyiko wa makala za Sahifa uliotolewa mwaka 1944, utamsikia akiwakemea watu wake kwa uchungu wa mzazi.

Mhariri mstaafu
Nakubaliana na mzee, ila naomba mhadhara usiyapite mambo mawili.

La kwanza ni lugha. Nimeandika habari za siasa kwa Kiswahili na Kiingereza kwa miaka mingi, na nilichojifunza ni kwamba makala haihamishwi tu kutoka lugha moja hadi nyingine, kwa sababu kila lugha ina wasomaji wake, wenye mambo wanayoyajua tayari na mambo yanayowauma. Naamini Sheikh alilijua hilo vyema. Mawaidha ya Sahifa aliyaandika kwa Kiswahili, lugha ya barazani na ya jikoni. Historia ya Wamazrui, ukoo wake uliotawala Mombasa hadi Sayyid Said alipouangusha mwaka 1837, aliiandika kwa Kiarabu.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1932, uleule alioanzisha Al-Islah, aliteuliwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki. Mkosoaji akishaingia katika utumishi wa serikali, kalamu yake hubaki na uhuru gani? Simlaumu, kwa maana ukadhi nao ulikuwa amana kwa Waislamu, lakini wanafunzi wako watakutana na swali hilo siku watakapoitwa kufanya kazi katika ofisi ya mkubwa fulani.

Msomaji wa Tudor
Shukrani, wazee wangu. Nilikuwa nimeuweka ukadhi mwishoni kama heshima tu. Sasa nitauleta katikati ya mhadhara. Ikiwa kuna mwenye nakala ya Al-Islah nyumbani kwao, hata karatasi moja iliyochakaa, namwomba aniruhusu nije niisome mbele yake, bila kuitoa nyumbani.